Vitu vya Wachezaji Vinakaa Benchi

Jumamosi, jioni. Mvua ya mawe imepita, majani ya chai huko nje yametobolewa, na viatu vyangu vyeupe vya urefa vinakauka karibu na jiko. Mwili haujachoka sana. Ni roho.

Leo nilichezesha voliboli ya wanawake, timu za Merigi na Kedowa. Kapteni wa Merigi ni Moraa, mdogo wangu wa tumbo moja. Tangu mwaka jana hatusemezani.

Chanzo ni filimbi. Ilikuwa seti ya mwisho, Moraa akaruka kuzuia mpira, kidole chake kikagusa wavu, nikapuliza. Pointi ikaenda upande ule mwingine na mechi ikaisha hapo. Aligusa, hata yeye anajua. Lakini alikuja mbele yangu, watu wote wakisikia, akaniambia, "Wewe si dada. Wewe ni filimbi."

Nikasubiri aombe msamaha. Yeye naye sijui alikuwa anasubiri nini. Mama angekuwepo angetuita jikoni, atupe viazi tumenye mpaka mmoja wetu acheke. Lakini mama tulishamzika, na sisi wawili ni vichwa vigumu.

Nilipopangiwa mechi ya leo nilimpigia msimamizi wa mashindano simu nikamwambia kapteni ni ndugu yangu. Akasema refa mwingine hakuna. Kocha wa Kedowa naye akacheka tu, eti baada ya ile ya mwaka jana hana wasiwasi na mimi hata kidogo. Alidhani ananisifu.

Basi nikafika uwanjani mapema nikafanya kazi yangu. Wacha nikiri, hii kazi ya kabla ya mechi ndiyo naipenda kuliko mechi yenyewe. Nilipima wavu katikati, nikapima pembeni, nikaomba wakaze kamba ya upande wa barabarani. Nikabonyeza mipira. Nikatembea juu ya mistari ya chokaa nikitafuta mawe, kwa maana huku kwetu mtu anaweza kuvunjika mguu kwa shimo la fuko. Huwa najiambia ukipanga kila kitu mapema, hakuna wa kukulaumu baadaye.

Kisha nikawaita makapteni turushe sarafu. Moraa alikuja akiangalia viatu vyake. Utaratibu unataka tupeane mikono, tukapeana. Kiganja chake ni kigumu, na vidole vimeingia weusi wa utomvu wa chai, kama vilivyokuwa vya mama. Sarafu ikamwangukia yeye. Akachagua kuanza na mpira.

Halafu nikakagua mapambo, kama kawaida: hereni, pete, mkufu, chochote kinachoweza kumkata mchezaji. Kwenye mkono wa Moraa nikaona bangili ya shaba.

Ile ya mama.

Mama aliivaa kwa sababu ya maumivu ya viungo, kama wamama wengi waliochuma chai mpaka uzeeni. Sikuwa nimeiona tangu mazishi. Nikamwambia Moraa aitoe. Akaizungusha, akaitoa polepole, halafu akaninyooshea mimi.

"Refa, si unishikie hii," akasema, sauti chini.

Nikaona kocha wa Kedowa anatuangalia. Nikasema, "Vitu vya wachezaji vinakaa benchi."

Hivyo tu. Kwa ile sauti yangu ya uwanjani.

Akasema sawa, refa, akaenda kumpa kocha wake, na mimi nikapuliza timu zianze kupasha mwili.

Sasa ona. Benchi lao lilikuwa hapo nyuma yake. Kocha wake alikuwa amesimama hapo hapo. Moraa amecheza mpira huu tangu shuleni, anajua vizuri vitu vinawekwa wapi. Hakuwa anatafuta mahali pa kuweka bangili. Hilo nililielewa nikiwa juu ya kiti cha refa, seti ya pili, na kutoka pale huwezi kushuka ukamwambie mtu samahani.

Merigi walishinda. Makapteni wakaja kunipa mkono, na Moraa akanipa ncha za vidole. Bangili ilikuwa imesharudi mahali pake. Nilitaka kusema kitu cha maana, nikajikuta nasema, "Mmecheza vizuri." Mvua ikaanza, wakakimbilia lori lao, wakaondoka wakiimba.

Nimejisikia vibaya sana leo, na aibu juu yake. Sheria ziko upande wangu, ile ya mwaka jana na hii ya leo. Nimekaa nazo hapa jikoni mpaka chai imepoa, na hakuna hata moja inayoniuliza siku yangu ilikuwaje.

Ninamkosa mdogo wangu. Nimekuwa nikizunguka neno hilo tangu nianze kuandika.

Kesho akitoka kanisani nitaenda kwake. Filimbi itabaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Sitagusa mambo ya wavu, wala kuuliza nani alianza. Nitanyoosha mkono tu nimwambie, Moraa, leta nikushikie.

Na akinijibu kwamba vitu vya wachezaji vinakaa benchi, basi nitatafuta benchi hapo nje kwake nikae, mpaka aniite.