Nyayo za Baba Kwenye Theluji

Jumatano, baada ya Isha

Hata kumgombeza sikuweza. Yule fundi wa picha wa mtaa wa Ruwi, mtu wa Tanga, alinikabidhi picha huku anatabasamu. "Dada, nimekusafishia. Theluji ilikuwa imechafuliwa na nyayo."

Nyayo za baba.

Siku ile niliyoipiga, mlimani Jabal Shams, mimi nilikuwa naogopa kuteleza, baba akatangulia. "Kanyaga nnapokanyaga mimi." Tulipomwona mbuzi mwitu kasimama juu ya mwamba, theluji imemfika magotini, baba akajibanza pembeni, akaziba kikohozi kwa shali ili mnyama asikimbie. Kumbe kikohozi kile... Joto lilipoanza tulikuwa tushamzika.

Picha za mbuzi nnazo tele. Ya baba kule mlimani sina hata moja, ila zile nyayo. Nilimwahidi mama ataziona.

Ya asili bado nnayo, kesho nitampelekea fundi achapishe upya. Lakini hii mama keshaiona, nilichelewa kuificha. Aliisogeza karibu na taa, akapitisha kidole juu ya theluji, polepole, toka chini mpaka kwenye magoti ya mbuzi.

"Mwanangu, baba yako alipita wapi?"