Usimsingizie Mkwe Wangu

Bagamoyo,
Tukuyu, Rungwe.
14 Aprili 2024

Mpendwa mwanangu Jairo,

Habari za Kahama? Mke wako hajambo? Atupele na Baraka wanaendeleaje na shule, na kile kikohozi cha Baraka kimeisha au bado mnakibembeleza kwa dawa za dukani? Mimi ni mzima. Goti la kushoto ndilo limegoma, lakini hilo halijawahi kuwa na adabu. Mvua inanyesha tangu Jumatatu na migomba imesimama vizuri. Ndaga, asante kwa sukari, imefika.

Kwanza ujue baba yako bado ni mwanamume. Yule dalali wako Alinanuswe, uliyemtuma anizungushe kuangalia nyumba, nimemfukuza kwa fimbo kuanzia barazani kwangu mpaka barabara ya lami. Kiatu kimoja amekiacha kwenye tope na mtaa mzima umeshuhudia.

Haya, sikumfukuza. Nilitaka, ila goti. Halafu siku ile alinipandisha kwenye gari lake, akaninunulia chai na chapati mbili, na huwezi kumfukuza mtu chapati yake ikiwa mdomoni mwako. Lakini hasira ninayo, na kwa kuwa aliyestahili fimbo siye yeye, nakuandikia wewe. Kwenye simu kila nikianza kusema ukweli unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Utaisoma mpaka chini.

Ulinipa kazi. Ulisema, baba, uhamisho umepita, mwisho wa mwaka tunarudi nyumbani, tunataka kununua nyumba Tukuyu, zipo mbili, moja Makandana na moja huko huko Bagamoyo, nenda ukazione, wewe ndiye macho yangu. Nikavaa koti la kanisani. Nimezunguka, nimelowa mpaka makalioni. Kumbe macho yako ni simu. Jana dada yako Winfrida kaja kutoka Kinyala kunifulia nguo, ananiambia umeshamwambia dalali unachukua ya Makandana, wiki ijayo mnaandikishana. Mimi hata hujaniuliza nimeona nini. Macho gani hayo yasiyoulizwa?

Sasa nitakwambia nilichoona, upende usipende.

Nyumba ya Makandana ni nzuri kwenye picha. Ina vigae vya kuteleza, ina geti la chuma, na ukuta wa nje umepandwa chupa zilizovunjwa. Uwanja wote wamefunika vitofali vya saruji. Nikamuuliza Alinanuswe, mgomba unapandwa wapi hapa? Akasema, "Mzee, hii ni nyumba ya kisasa. Ndizi mtanunua sokoni." Mnyakyusa akanunue ndizi. Nikatafuta pa kutema mate, pote vigae, nikameza.

Nikaenda nyuma, kule dalali alikokuwa ananivuta nisiende. Nyumba wameichimbia kwenye mteremko, na ukuta wa chumba cha watoto umepakwa rangi mbichi. Nikaubonyeza kwa kidole. Kidole kikaingia. Unadhani kikohozi cha Baraka kitaponea kwenye chumba kile, Jairo? Umesahau mvua ya kwenu?

Nikagonga kwa majirani nijue utaishi na nani. Geti la kwanza alinijibu mbwa. La pili binti wa kazi alinichungulia kwenye tundu, akasema wenye nyumba hawapo, akarudisha kifuniko. Huko ndiko ulikosema kumetulia. Hata makaburini kumetulia, mwanangu, na kule angalau ndugu zetu wapo.

Ya Bagamoyo unaijua, ni ya mzee Uwesu, hapa chini ya kwangu. Anahamia Mbeya kwa mwanawe. Bati limeshika kutu, nakubali, na choo kinataka fundi. Lakini ukuta ni mkavu, nimeubonyeza pote mpaka Uwesu akaniuliza kama nanunua nyumba au embe. Nyuma kuna jiko, migomba, mparachichi na nafasi ya kufunga ng'ombe. Yeye ana msikiti wake na mimi kanisa langu, na juzi kwenye sikukuu ya Idi kaniletea pilau kama kawaida, ingawa kwenye bao ni mwizi tangu ujana. Akaniambia, "Meshaki, nyumba yangu asiingie mtu wa kuweka geti. Mlete Jairo. Namsubiri mpaka mwisho wa mwezi."

Sasa hapa ndipo uliponichefua. Winfrida anasema sababu yako ni mila. Eti njia ya kwenda kwa Uwesu ni moja, inapita mbele ya baraza langu, na mkwe hatakiwi kukutana na baba mkwe, kwa hiyo mke wako ataishi kwa kujificha. Kwa hiyo Makandana.

Ugwe, wewe Jairo. Mila umezikumbuka lini? Kwenye msiba wa mama yako ulitaka kuondoka siku ya pili kwa sababu ya semina. Wanao hawajui hata kunisalimia kwa Kinyakyusa. Leo kwenye kununua nyumba ndiyo umekuwa mlinzi wa mila.

Mila anazijua mke wako. Msiba ule ule, kuliko apite mbele yangu, alizunguka kwenye migomba, kwenye tope, na sufuria ya maharage kichwani. Winfrida ndiye aliyenisimulia kwamba aliteleza, akainuka, na maharage hayakumwagika. Mimi wakati huo nilikuwa nimegeukia ukuta mpaka apite, kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu. Hatujawahi kutazamana usoni wala kusemezana, na tunaheshimiana kuliko mimi na wewe tunaoongea kila Jumapili.

Basi nikamwambia Winfrida, mpigie umuulize mwenyewe. Akaenda kupigia nyuma ya nyumba, nisisikie sauti ya mkwe. Akarudi anacheka. "Baba, anasema yeye aliitaka hii ya Bagamoyo tangu mwanzo, kwa ajili ya migomba. Njia siyo tabu. Atajifunika kanga apite."

Kwa hiyo anayenikimbia siyo mkwe. Ni wewe. Umeona utaishi karibu na mzee wa kukuuliza umerudi saa ngapi na umekunywa na nani, ukachukua kanga ya mke wako ukajifunika wewe.

Utasema Makandana si mbali. Kwa gari si mbali. Kwa goti hili ni mbali. Tangu mama yako aondoke bado napika chungu cha watu wawili, mkono umezoea, na nusu wanakula kuku. Uwesu akihama hata wa kugombana naye sina. Nataka Atupele apite hapa akienda shule, anisalimie kwa Kinyakyusa, hata akikosea nitamcheka tu. Ukimficha nyuma ya geti atakuja Krismasi, na simu mkononi.

Usiandikishane na mtu. Panda basi, uje ubonyeze ule ukuta kwa kidole chako mwenyewe. Ukimaliza kubonyeza, ukiniambia bado unautaka, nitanyamaza. Sitanyamaza, lakini nitajaribu.

Msalimie mke wako, umwambie ujumbe wake nimeupata. Wasalimie Atupele na Baraka, na yule jirani yenu Wilson aliyenitumia kofia. Winfrida anakusalimu, na shangazi yako Hellen wa Kisiba anauliza kama bado unakoroma. Mungu awape paa lisilovuja na usingizi mkavu, popote mtakapolala.

Wako akupendaye hata leo nilivyokasirika,

Baba yako,
Meshaki.

Jambo moja limebaki. Pasaka ya mwaka jana pale stendi nilikupa mwavuli wangu mweusi, ule mkubwa wenye ubavu uliofungwa waya, ukasema utaurudisha. Hujaurudisha, ndiyo maana Makandana nililowa. Uje nao. Mkwe atakuwa anapanda njia hii na ndoo kichwani na mkungu wa ndizi mkononi, hiyo kanga ataishika na mkono upi? Nipe mwavuli wangu. Akipita, nitajifunika mimi.