Walichosema Juu ya Picha ya Bilyana

Jumanne, 7 Februari

Nimeenda! Klabu ya picha, ukumbi wa utamaduni, ghorofa ya juu. Mwanangu Bilyana nilimwacha kwa mama mkwe na chupa mbili za maziwa. Nilibeba picha ya mitungi ya pilipili dirishani, ile niliyopiga kwa kamera ya zamani ya mume wangu.

Utaratibu wao huu: mwenye picha anafunga mdomo. Wengine, kila mmoja anataja kitu kizuri na kitu cha kurekebisha. Kiongozi ni mzee Dobri. Ana vipande viwili vya kadibodi nyeusi vilivyokatwa kama kona. Anaviweka juu ya picha, anabana hapa, anaachia pale, mpaka unaona ulitakiwa kupiga nini. Svilena wa duka la dawa alisemwa mpaka masikio yakawa mekundu. Picha imelala upande, mbwa hana mkia.

"Mbwa ndiye aliyelewa au wewe?" mzee alimuuliza. Watu hoi. Svilena mwenyewe hoi.

Ikaja yangu. "Nzuri." "Nzuri sana, Zornitsa." Mzee Dobri hata kadibodi hakuzigusa. Basi!

Mbona mimi tu sina cha kurekebisha? Mimi niliyeishia darasa la nane?

Jumatano, 8 Februari

Mama mkwe ananicheka. "Ukisifiwa unanuna. Ukikosolewa si utahama mji?"

Haelewi. Tarehe nane Machi, siku ya wanawake, tunatundika picha ukumbini, kila mtu moja. Mama Kapka mwenye studio atazipitia, achague mtu mmoja wa kumsaidia kupiga watoto wa chekechea. Mmoja! Kazi ya hapahapa, Bilyana kwenye kigari pembeni yangu. Labda mume wangu Plamen angeachana na malori ya Ujerumani, mtoto amzoee baba yake. Sasa hivi akimwona kwenye simu analia.

Mtu wanayemtaka wangemfundisha. Mimi wananibembeleza kama mtoto aliyejikwaa. Kuna kitu.

Jumanne, 14 Februari

Leo nimepeleka picha ya Bilyana mwenyewe. Ameketi dirishani, anacheka, jino lake moja linang'aa. Nikaiweka mezani.

"Uuu, mbaya huyo!" mama Penka, yule anayepiga paka tu, akaanza. "Kuku wamnyee! Tfu, tfu, tfu!" Wote wakafuata. Sura gani hiyo, pua gani hiyo, tfu. Ndivyo inavyotakiwa, mtoto hasifiwi, jicho baya litamfika. Nami nikatema pembeni.

Mzee Dobri akaishika, akaisogeza mbali na macho. "Hii ni mbaya. Usiitundike."

Kicheko! Hata mimi nilicheka.

Njiani kurudi nyumbani, nilipofika mtoni, ndipo nikakumbuka. Yeye hakutema. Wala hakucheka.

Alhamisi, 16 Februari

Nimemkuta mama Penka sokoni, nikamuuliza. Mzee alimaanisha au alikuwa anamkinga mtoto?

"Wee mtoto wee! Angeiona mbaya kweli angesema nzuri. Mitungi si tulisema nzuri?"

Nimerudi nikilirudia hilo njia nzima. Kwa hiyo nzuri ni mbaya na mbaya ni nzuri? Halafu mitungi je?

Jumapili, 19 Februari

Nilikwenda kununua banitsa, mkate wetu wa jibini. Mzee Dobri na Svilena walikuwa kwenye kona ya duka la mikate, vichwa vimekutana. Waliponiona, vichwa vikaachana! Mzee akaanza kusifia hali ya hewa. Hali ya hewa gani, matope mpaka magotini!

Mzee ndiye aliyemsimamia Svilena harusi yake. Na msimamizi kwetu ni ndugu kuliko ndugu. Svilena naye anaitaka studio, alisema mwenyewe amechoka kuuza vidonge vya kikohozi. Ana kamera mpya. Nani wa kumzuia? Zornitsa na mtoto wake mwenye jino moja.

Jumanne, 21 Februari

Sikwenda. Jino la pili, homa, makelele.

Jioni mlango ukagongwa. Svilena! Na dawa ya ufizi mkononi, nani aliyemwambia mtoto anaumwa? (Mama mkwe. Mdomo wake huo.) Akampaka Bilyana taratibu, kwa kidole kisafi, akamwimbia kidogo. Kisha akiwa anavaa koti: "Zori, ile ya mtoto usiitundike. Piga nyingine."

Aha.

Hao wawili wamepanga. Nikiiacha hii, siku zimebaki chache, nitapiga nini? Nitasimama pale na ukuta mtupu.

Ila dawa imefanya kazi. Bilyana amelala.

Jumanne, 28 Februari

Leo nimelimaliza jambo hili. Niliwahi kabla ya wengine. Svilena alikuwa ndani anaosha vikombe, sikujali. Nikaiweka picha mbele ya mzee Dobri. "Mzee, niambie kweli. Mbaya ya jicho au mbaya ya kweli?"

"Juu ya mtoto wa mtu siongei, mwanangu. Hata wa adui yangu."

"Basi mimi nitajuaje?"

Akachukua kadibodi moja akamfunika Bilyana uso mzima.

"Haya. Mtoto hayupo. Sasa naweza kusema."

Na akasema! Mwanga umeushika vizuri, hilo hafundishwi mtu. Ila huyu nani? Akagusa ukingo wa picha. Vidole. Sikuwahi kuviona, wallahi, wiki zote hizi!

"Mama mkwe. Alikuwa anamshika asianguke."

"Mbona umemkata? Vidole vinne vinaning'inia kama vya mwizi anayetoka dirishani. Mtoe kabisa au mwingize ndani. Mimi ningemwingiza."

"Na mitungi?"

Akakuna kidevu. "Mitungi ni mitungi. Picha isiyo na kitu, mtu aseme nini? Tuliogopa usirudi."

Iliniuma. Halafu sijui kwa nini nilitaka kumbusu mkono.

Njiani wasiwasi ukarudi. Maneno matamu, lakini wiki imebaki moja. Au ndiyo njia yenyewe ya kunichelewesha?

Jumamosi, 4 Machi

"Mimi? Na uso huu?" Mama mkwe kabadilisha kitambaa cha kichwa mara tatu. Nikamwambia vua vitambaa vyote, baki na aproni. Akanuna. Akamshika Bilyana dirishani kwa mikono yote miwili, akamtazama kama mtu anayejua ataibiwa.

Hapohapo nikabonyeza.

Picha hii – sisemi kitu. Tfu!

Jumanne, 7 Machi

Naandika ukumbini, kwenye benchi, nyuma ya kigari. Tunatundika leo. Mama Kapka amebadilisha siku, kesho kuna maua na hotuba, kwa hiyo anazipitia leo. Yuko chini anakunywa kahawa.

Yangu iko tayari ukutani. Mzee Dobri alikuja na kadibodi zake, akaziweka, akaziondoa. "Sina pa kukata." Mama Penka alimtukana Bilyana vizuri, akamtukana na bibi yake juu.

Svilena ametundika picha ya baba yake na mizinga ya nyuki. Nzuri! Inaniuma ilivyo nzuri. Ila kona ya chini kuna mfuko wa plastiki wa bluu, jicho linakimbilia huko kila mara. Kuukata ni kazi ya mkasi na dakika chache. Mkasi uko mezani. Yeye haoni, kama mimi nilivyokuwa sivioni vidole.

Mzee yuko kwenye ngazi na nyundo, hajaifikia picha hiyo kuikagua.

Sasa hivi Svilena amekuja hapa kwenye benchi. "Zori, niambie kitu kimoja. Cha kurekebisha. Wewe una jicho."

Nikasema, "Nzuri."

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana."

Hajaondoka. Amesimama mbele ya picha yake, anainamisha kichwa huku, anainamisha kule, anatafuta. Kisha ananigeukia. Naijua sura hiyo. Najua anachojiuliza: nzuri ya kweli, au nzuri ya mitungi?

Nimeinamia daftari nijifanye naandika majina ya picha. Bilyana anamchekea kwa meno yake mawili.

Viatu kwenye ngazi za kutoka chini. Mama Kapka huyo, anapanda, anahema, anasimama kupumua. Mkasi bado uko pale –