Barakoa ya Mama

Amani, Unguja
3 Juni 2021

Kaka yangu Mkadam,

Shikamoo. Habari za Maskati, wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Barua hii nampa Junaid anayesafiri kesho akutilie mkononi, maana kwenye simu nikimtaja tu Bi Salhiya, unakata.

Nimesikia ulivyowaagiza ndugu, kwamba kwenye hitima ya arobaini ya mama, jirani yetu huyo asikanyage, kwa kuwa ni wa chama kile na ndiye aliyetuletea maradhi ndani. Basi kaa kitako, usome mpaka mwisho.

Wewe hukuwapo. Hapa barakoa iligeuka bendera. Maskani ya wenzetu, kijiwe cha chama kile, walivaa, wakaweka na ndoo ya maji na sabuni. Sisi maskani yetu tukawacheka, tukasema anayejifunika pua anatafuta kuiaibisha serikali. Haya, tangu Januari upande wetu wa barabara tumezika tisa, upande wao wawili. Na hao tisa wetu, wallahi, kila mmoja alikuwa na presha au siku zake zimefika. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja.

Mama alipofariki, waosha maiti wetu wote walipata udhuru. Aliyekuja ni Bi Salhiya. Alimwosha na kumkafini kama dada yake, mimi nikimshikia maji.

Sasa kuna jambo sijamwambia mtu. Bi Salhiya alimshonea mama barakoa ya kanga, na mama aliipenda, akiivaa hata jikoni. Siku ya hitima ya Mzee Kheir, mwenyekiti wa maskani yetu, tulipofika mlangoni wanawake wakatukodolea macho. Nikamvua mimi, kwa mkono wangu huu. Nikamwambia asitutie aibu, watasema tumehamia kule. Chumba kilijaa, watu wanakohoa, tukakaa mpaka alasiri. Siku ya sita akashikwa na homa. Ya kumi na moja tukamzika.

Pale mlangoni hakunigombeza. Aliniuliza tu kama tukirudi nyumbani ataruhusiwa kuivaa. Nikamwambia ndiyo, kisha nikaisahau mkobani. Bado imo.

Bi Salhiya nshamwalika. Ukiwa na mtu wa kumzuia mlangoni, nizuie mimi.

Wifi msalimie sana, na watoto uwabusu. Mungu amfikishe Junaid salama.

Mdogo wako,
Tahiya