Kitanda Ndani ya Kibanda cha Kutoboa Masikio

Subukia,
6 Mei 2025

Kwa mpwa wangu Nangila,

Natangaza rasmi, mbele ya kuku kumi na mmoja na mke wangu ambaye hakusikiliza, kwamba miwani yangu imepatikana. Ilikuwa ndani ya debe la mahindi. Shughuli zote za kusoma zilizosimama tangu Ijumaa Kuu sasa zinaendelea.

Habari za huko Kaptembwo? Kifua chako kilipona? Sisi tuko wazima, isipokuwa goti langu ambalo lina maoni yake.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kwamba mama mmoja, Akoth, amepeleka malalamiko kuwa masikio ya mtoto wake yalivimba baada ya wewe kuyatoboa, na sasa afisa wa afya anakuja kukagua kibanda chako. Usitetemeke. Mimi nilikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na miwili. Sheria sikufundishwa na mtu, lakini nimeibeba kwapani mpaka ikanizoea.

Zile kanuni za afya ulizonitumia nimezisoma zote, na Nangila, nilivua kofia. Kumbe kuna watu waliokaa wakafikiria tundu la sindano! Wameandika kwamba ngozi ikitobolewa, hata kwa urembo tu, umefungua mlango wa mwili wa mtu, na serikali ina haki ya kujua ni nini kimeingia. Afisa anaweza kuingia mahali pa biashara mchana, afungue droo, achukue chombo, apige picha, afunge. Hata jaji sikuwahi kumwona akifungua droo ya mtu.

Lakini kuna kifungu kidogo kule chini, na hapo ndipo miwani ilipofanya kazi. Nyumba ambayo mtu anaishi haiingiwi mpaka mwenyewe akubali au korti itoe kibali. Basi weka kitanda ndani ya kibanda.

Mengine hayana shida. Sindano yako ni mpya kwa kila mtu, na koleo na hereni unazipitisha kwa ile presha kuka, sufuria ya mvuke niliyokupa baada ya kuikarabati kwa mikono yangu hii.

Mjomba wako,
Sitati


Kaptembwo,
15 Mei 2025

Mjomba Sitati,

Natumai wewe na anti hamjambo, na goti limekubali kunyamaza. Kifua kilipona. Ni roho ndiyo imebaki kukohoa.

Kitanda niliweka. Nilikiazima kwa Oduor, fundi wa hapa kando. Kilivyoingia, mimi nikabaki nje. Mteja wa kwanza alivua viatu mlangoni akauliza ni nani mgonjwa.

Afisa alikuja Jumanne saa nne. Anaitwa Bi Celestine, mama mfupi mwenye begi kubwa. Alionyesha kitambulisho, akasimama mlangoni bila kuingia, akaniuliza:

"Mathe, hapa ni nyumba ama ni duka?"

"Ni nyumba."

"Sawa. Basi siingii. Nyumba ya mtu ni nyumba."

Mjomba, kidogo nikupigie makofi mpaka uyasikie Subukia. Halafu akaketi kwenye stuli yangu hapo nje, akatoa kalamu. "Naandika hapa ni nyumba. Kwa hivyo kazi ya kutoboa masikio imeisha leo. Haturuhusu kazi hii kwa chumba cha kulala."

Oduor akapaza sauti kutoka kwake: "Nangila! Nikujie kitanda changu sasa ama kesho?"

"Ni duka," nikasema.

"Ni duka kabisa?"

"Ni duka, madam. Kitanda ni cha huyo anayepiga kelele."

Akaingia. Kwanza alinawa mikono na sabuni yangu mpaka kwenye viwiko, mimi na miaka yangu miwili ya kazi nikaona sijawahi kunawa. Kisha akatoa kautepe keupe, hakafiki hata ukubwa wa kidole, akakabandika kwenye kifurushi cha koleo, tukakiweka ndani ya presha kuka, tukawasha gesi. Akaniambia mvuke ukifikia joto la kuua vidudu, kautepe kanatoa mistari myeusi. Usipofikia, hakuna mistari. Hakabishani na mtu.

Nusu saa, mjomba. Watu walijaa mlangoni na hakuna aliyecheka, hata Oduor. Mvuke ulikuwa unatoka pembeni mwa kifuniko, nami naukodolea macho nikikaombea kautepe.

Tulipofungua, kalikuwa keupe vile vile.

Mimi nimetazama zile koleo miaka miwili nikaziona safi. Kautepe kameziona mara moja.

Amefunga. Notisi iko mlangoni na presha kuka ameichukua. Kabla ya kuondoka aliuvuta ule mpira wa kifuniko, akaukunja, akaunusa. "Huu ulitoka wapi?" Nikasema nitamuuliza mjomba, mtu wa mahakama. Ameandika hivyo. Anangoja jibu.

Mpwa wako,
Nangila


Kaptembwo,
9 Juni 2025

Mjomba,

Nyote mko salama? Simu yako inaita tu, na anti anasema uko shambani hata wakati wa mvua.

Mtoto wa Akoth amepona. Nilienda kumwona. Masikio ni mazuri, ila mamake alinipa chai bila kuketi.

Jana Nyongesa wa kanisani alileta binti yake nimtoboe kwa siri nyumbani. Nilishika sindano mpya, nikainama, kisha nikairudisha kwenye karatasi yake. Nikawaambia waende. Sijui kama kosa ni la mikono yangu ama ni la chombo, na nisipojua siwezi kugusa sikio la mtu tena. Bi Celestine amesema nikileta jibu la mpira na chombo kipya, atakuja kupima upya.

Nijibu tu, hata mstari mmoja.

Mpwa wako,
Nangila


Subukia,
13 Juni 2025

Kwa mpwa wangu mpendwa Nangila,

Tuko salama. Goti liko hivyo hivyo. Kahawa imeanza kuwa nyekundu.

Nimezisoma tena zile kanuni, safari hii bila kutafuta pa kupenya. Nangila, ni jambo la kustaajabisha. Nilidhani sheria ni ile ya korti, ya kofia na joho. Kumbe kuna nyingine inayovaa viatu vya kawaida, inapanda mpaka kibandani, inanawa mikono, inangojea chungu kichemke, na ikishamalizana na wewe inauliza swali moja ambalo linavuka bonde lote hadi kwa mzee aliyejificha katikati ya mibuni. Miaka ishirini na miwili nimebeba mafaili ya watu. Sikujua kuna siku jina langu litaandikwa kwenye moja.

Mwambie Bi Celestine namheshimu sana. Na Oduor mrudishie kitanda.

Mjomba wako,
Sitati

NB: Mikono yako haina kosa. Mwonyeshe afisa mstari huu. Ule mpira niliukata kutoka tyubu ya baiskeli yangu.