Kona Katika Mpaka wa Eburru

Lelei, ndugu yangu,

Ramani imetoka. Imeletwa leo asubuhi ndani ya bomba la bati, na bado inanuka wino. Nimeitandaza juu ya meza hapa ofisini Nakuru, nikaibana pembe zake kwa vikombe vya chai. Wenzangu walikimbilia kutafuta mji na ziwa. Mimi nilikutafuta wewe.

Kuna jambo ambalo kwa karibu mwaka mzima niliwaficha watu wote. Wewe peke yako ndiye uliyelijua tangu mwanzo. Sasa wako wengine wawili wanaolijua, na nitakueleza ilivyokuwa. Lakini kwanza niache nikumbuke kidogo, maana tangu ulipoondoka sijapata mtu wa kukumbuka naye.

Miaka minne tulishika mnyororo mmoja wa kupimia ardhi, wewe mbele, mimi nyuma. Watu wa mtaa wetu wa Bondeni walinicheka: Saidi, mtoto wa mjini, aliyekulia karibu na msikiti, anazunguka porini na mtu wa msitu. Hawakujua ulivyonifundisha kutembea. Mimi nilitazama chini nisijikwae; wewe ulitazama juu ukaona ndege wamenyamaza upande gani. Kila mlima, kila kijito, ulinitajia jina lake nikaandika kwenye kitabu, kisha ukaniambia, "Soma." Nikisoma vibaya ulishika tumbo ukicheka, ukaniamuru nirudie mpaka jina likae sawa. Bwana mpimaji, yule tuliyemwita Miwani, alitaka umbali na pembe tu. Majina yalikuwa ya kwetu wawili.

Na unakumbuka sheria yetu ya ukungu. Eburru ikifunikwa, sauti haikufaa; ukipiga kelele inakurudia kutoka mahali pengine. Kwa hiyo tulizungumza kwa mnyororo. Mvuto mmoja: kaa ulipo. Miwili: nimechomeka kijiti cha alama, njoo. Mitatu: rudi. Basi. Futi sitini na sita za chuma kati yetu, na sikuhitaji kukuona.

Sasa siku ile.

Tulikuwa tumetoka kambini Ndabibi alfajiri, tukiwa na pasi zetu mfukoni, maana ilikuwa hali ya hatari na askari walikuwa wakali kwa kila anayeingia msituni. Mstari wa mpaka wa msitu ulitakiwa uende moja kwa moja kupita kwenye mvuke, pale ambapo ardhi inapumua hata wakati wa kiangazi. Ulisimama ukakataa. Ulimwambia Miwani, "Bwana, hapa tumbo ya nchi iko wazi. Mama yangu iko na njia ya kuzunguka kule juu. Watu yetu yote wanapita huko."

Miwani akasema, "Ramani hapana jua tumbo." Lakini hakuwa mtu mbaya, nawe unajua. Aligeuka akaniuliza mimi. "Saidi, wewe nasema nini?"

Kuzunguka kungechukua siku tatu zaidi. Mke wangu alikuwa mjamzito, katika siku zake za mwisho. Nikasema, "Twende tu, bwana."

Ulinitazama, Lelei. Ukachukua vijiti vyako vya chuma vyenye vitambaa vyekundu, ukashika kishikio cha mnyororo, ukaingia.

Ukungu ulishuka tukiwa kwenye kijiti cha kumi na moja. Ulichanganyika na mvuke, nisijue upi ni upi. Mnyororo ulikwenda mbele ukikwaruza nyasi, ukakaza. Nikahisi mivuto miwili. Umechomeka, nije. Nikainua mguu.

Hapo nikasikia sauti yako. "Saidi."

Haikutoka mbele. Ilitoka nyuma yangu, kushoto, chini ya mteremko, karibu kabisa, kwa upole, kama mtu anayetaka kuomba kiberiti. Na wakati huo huo nilikuwa nimekushika mkononi, nakuhisi kule mbele, uzito wako kwenye chuma. Ikaita tena. "Saidi." Namna ile ile unavyovuta herufi ya mwisho.

Niliogopa. Sina neno jingine. Nikavuta mara tatu: rudi.

Ukajibu mvuto mmoja. Kaa ulipo.

Nikavuta tena mara tatu, kwa nguvu, kama mtu anayezama.

Mnyororo ukalegea. Nikaanza kuukusanya nikishukuru, kwamba unakuja, kwamba sasa hivi nitaona kofia yako. Halafu ukakaza ghafla, ukanichana viganja, ukalegea. Nikaendelea kuvuta. Kishikio chako kilinifikia kitupu, na kilikuwa cha moto.

Wengine walinikuta nimekaa chini, nimekikumbatia. Niliwaambia ulikuwa unakwenda mbele ndipo ukatumbukia kwenye ufa unaotoa mvuke. Miwani aliandika hivyo kwenye kitabu chake. Walishusha kamba kwenye ufa kwa siku mbili, mvuke ukawarudisha. Siku ya tatu mama yako alitokea juu ya mteremko. Hakuna aliyempelekea habari. Niliuliza watu wote. Alivunja tawi bichi, akaliweka ukingoni, akarudi alikotoka bila kutusalimia. Mimi nilisoma Fatiha kimoyomoyo. Sikujua kama inakufaa, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Wiki ile ile mke wangu alijifungua msichana. Nilimpokea kwa mikono iliyofungwa bendeji.

Yangeweza kuishia hapo, na mimi ningezeeka na uongo wangu. Lakini kiangazi kilichofuata Miwani alituita. Mstari ule haukukubali kufunga, yaani ncha zake hazikukutana. Kila alipokokotoa, ramani ilibaki na mwanya, pungufu ya mnyororo mmoja kamili. Tukarudishwa kupima upya. Safari hii Miwani mwenyewe alisema tuzunguke juu, kwa njia ya mama yako. Mbele alishika Wafula, mtu mzima wa upande wa Kitale, hodari, asiye na maneno mengi.

Tulifika ng'ambo ya ufa saa sita mchana. Jua kali, mbingu safi, unaona mpaka ziwani. Na pale kwenye nyasi, Lelei, kilisimama kijiti chako. Kimesimama wima, hakijaliwa na kutu. Kitambaa chake kilikuwa chekundu kama kilichotoka dukani, na mvua zote za masika zimepita juu yake. Miwani alipima. Mnyororo mmoja kamili kutoka kijiti cha kumi na moja.

Alifurahi kwanza, kwa sababu hesabu yake imefunga. Kisha akavua miwani, akaifuta. "Saidi," akasema, "huyu alivuka. Alipita salama. Sasa alianguka namna gani?"

Nikamjibu, "Sijui, bwana."

Tukaendelea na kazi. Nilikuwa nimeshika kishikio cha nyuma, nikisubiri Wafula asonge mbele. Nikahisi mivuto miwili. Taratibu, kwa mpigo wako, si wa mtu mwingine; kila mtu ana mkono wake. Nikapaza sauti, "Wafula, mbona unavuta?"

Alikuwa ameinama, mgongo umenielekea. "Sijavuta, mzee. Nafunga kiatu."

Mnyororo ulikuwa umelala chini, mbali na mikono yake. Na ulikuwa umekaza.

Niliuweka chini polepole kama mtu anayelaza mtoto. Nikawaambia naumwa. Nikapanda mlima peke yangu mpaka kwa mama yako.

Nilimkuta nje ya nyumba akichonga mfuniko wa mzinga wa nyuki. Tayari alikuwa ameambiwa ahame, maana msitu ukiwekewa mpaka hautakiwi kuwa na watu. Anaongea Kiswahili kidogo, lakini anasikia chote. Nilikaa chini mbele yake nikamweleza kila kitu: mke wangu, swali la Miwani, sauti, mivuto. Nilitaka anipige na kile kisu.

Akauliza, "Ulivuta mara ngapi?"

"Tatu, mama. Halafu tatu tena."

"Na sauti ilitoka wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono: nyuma, kushoto, chini.

Aliweka kisu chini. Nzi walitembea juu ya mikono yake. Kisha akasema, "Baba yake alisikia hiyo. Ilimwita na sauti yangu, na mimi nilikuwa nyumbani. Yeye hakwenda, hakuita mtu. Alikaa chini mpaka jua ikatoka." Akanitazama. "Mtoto yangu alikuambia ukae."

Ndiyo. Mvuto mmoja. Ulijua ninachokisikia. Pengine na wewe ulikuwa unakisikia. Uliniambia dawa yake, nami nikakuvuta. Na wewe, uliyejua hatari ile kuliko mtu yeyote aliyewahi kukanyaga pale, ulirudi.

Nililia mbele ya mama yako kama mtoto. Hakunisamehe, nisikudanganye. Wala hakunilaani. Aliniambia mambo mawili. La kwanza: "Ile mstari, ondoa pale. Mtu mwingine asitumwe." La pili, nisikuite kwa jina mahali pale, hata kwa kunong'ona. Anayeitwa hutaka kuja, na njia ya kuja hana. Ndiyo sababu nakuandikia. Barua haina sauti.

Nilipotaka kuondoka nilimwambia nitaandika jina lako kwenye ramani. Akakataa kwa kichwa.

Basi nikaenda kwa Miwani nikamwambia ukweli. Alisikiliza akiwa amesimama. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alifungua kitabu chake, akafuta sentensi moja, akaandika nyingine, akanitaka nitie sahihi. Kisha akanitoa kwenye kazi ya porini. "Hapana weza shika mnyororo tena," alisema, na alikuwa na haki. Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, aliniweka hapa ofisini kunakili ramani kwa wino.

Na hapa ndipo nilipotimiza neno la mama. Siku hizi tuna picha zilizopigwa kutoka angani kwa ndege. Unaweka mbili pamoja chini ya kioo cha macho mawili, na milima inainuka kutoka kwenye karatasi mpaka unataka kuigusa. Nilitafuta Eburru. Niliuona mvuke, michirizi myeupe. Na nikaiona njia ya mama yako, nyembamba kama uzi, inapanda, inafika karibu na ufa, inakunja kwa juu, inashuka tena upande wa pili. Miguu ya watu wenu wa zamani, Lelei, inaonekana kutoka mbinguni. Nilimwita Miwani aangalie. Aliinamia kile kioo muda mrefu. Alipoinuka alisema tu, "Chora hivyo."

Nikachora. Mpaka wa msitu unakwenda moja kwa moja maili nyingi, kama uliokatwa kwa kisu. Ukifika pale unapinda, unazunguka, unarudi kwenye mstari wake. Asubuhi hii karani mmoja ameniuliza kama mkono wangu uliteleza. Nimemwambia hapana, ndivyo ardhi ilivyo.

Nisikufiche na haya: kona hiyo haikuiokoa nyumba yenu. Iko ndani ya rangi ya kijani, ile ya msitu. Mama alikataa kuhama mara mbili. Mara ya tatu walikuja askari, akatoka mwenyewe kabla hawajamgusa, kwa miguu, na kisu chake kiunoni. Sasa yuko kwa dada yake karibu na Ndabibi. Jikoni kwao unauona mvuke wa Eburru. Nimekwenda mara tatu. Mara mbili za kwanza hakusema nami. Mara ya tatu nilikwenda na binti yangu, ambaye sasa anatembea, na mama yako alimnyooshea mikono kabla sijakaribishwa ndani. Alimshika muda mrefu. Kisha akaniambia, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo, kwamba mizinga ya baba yako bado inaning'inia kule juu, saba, na msimu unapita. Yeye hana pasi ya kuingia, na miguu yake haiwezi tena kupanda miti.

Mimi nina pasi. Miwani amenipa ruhusa ya siku nne, na hakuniuliza ya nini.

Sijui kupanda miti, na nyuki nawaogopa kuliko simba. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Wafula atanisindikiza. Mama amenieleza kila mti ulipo, nami nimeandika, nikamsomea, akanisahihisha. Jumatatu tunapanda. Asali yote nitamshushia yeye, na mwaka ujao vilevile, na miaka mingine kadiri miguu itakavyonibeba. Neno hili nimempa yeye, na sasa nakupa wewe.

Usinisubiri kwenye mvuke, ndugu yangu. Tulia ulipo. Sisi tutapita kwa juu.

Mimi wako,
Saidi