Bibi Hana Meno kwa Ajili ya Shahada Yangu

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla bibi yangu hajasahau kutafuna. Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, niko mwaka wa mwisho wa shahada ya utengenezaji wa filamu na upigaji picha za sinema, na kwa sababu ya shahada hiyo familia yangu imeganda kwa wiki tisa sasa, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu, ingawa wenyewe bado hawajui.

Kazi yetu ya mwisho chuoni ni filamu ya dakika kumi na mbili. Niliandika kisa cha familia iliyokaa mezani ikimngoja mgeni, na kwa kuwa waigizaji wana maringo nikaona bora nitumie watu wa nyumbani. Wakati huo bibi, mzaa baba, alikuwa ameng'olewa meno ya mbele yote na anangoja ya bandia, mama alikuwa amesukwa nusu kichwa kwa sababu msusi wake aliitwa na dharura, na binamu yangu fundi rangi alikuwa ameanguka kwenye ngazi akafungwa plasta mkono wa kulia, nami nikafurahi kama mjinga, nikijiambia hizi ndizo sura zenye mambo. Tukapiga siku nzima. Ikabaki picha moja tu, ile ya mlango kufunguliwa na wote kugeuka, ndipo kamera ya idara ikagoma, ikapelekwa kwa fundi, nikaambiwa wiki mbili, zikawa sita.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Niliwaeleza kwamba katika filamu kuna kitu kinaitwa mwendelezo, yaani mtu akionekana na plasta, halafu picha inayofuata hana, watazamaji watacheka na mwalimu atakata alama, kwa hiyo, jamani, mpaka kamera irudi mtu asibadilike. Mama na binamu wakacheka. Baba hakucheka.

Mshauri, lazima umjue baba. Ni mtunza ghala la mabomba ya maji, mwaka wa ishirini na sita huu, na nilipochaguliwa kusoma filamu alisema, "Shahada ya kupiga picha? Binamu yako anapiga picha kwa simu, na shule ilimshinda." Tangu siku hiyo, miaka mitatu, hakuniuliza swali hata moja la masomo. Lakini neno mwendelezo lilimwingia kama dawa. Kesho yake alirudi na daftari gumu la ghalani akaandika kila kitu: chai ya bibi imefika kwenye ua la pili la glasi, pazia lina mikunjo saba, kiti cha mama kiko vidole vinne kutoka ukutani. Akatoa betri kwenye saa ya ukutani ili ibaki saa kumi na dakika kumi. Kila jioni anapita na rula. Jirani alituletea kiti cha plastiki kwa wema tu, baba akamrudisha nacho mlangoni, "Hiki hakimo."

Meno ya bibi yalipokuwa tayari, baba aliyapokea, akayafungia kabatini.

"Mama, vumilia kidogo," alimwambia. "Ni kwa ajili ya mwendelezo."

"Huyo Mwendelezo ni nani," bibi akauliza, "na yeye anakula nini?"

Bibi anakunywa uji asubuhi, mchana na jioni. Mama ni karani wa posta, anakwenda kazini na kilemba kilichoinuka upande mmoja, na wateja wamezoea kuinamisha kichwa wakiongea naye. Binamu hospitali walimwita wiki ya sita wamfungue plasta, mkono ulishapona, baba akamzuia, sasa anapaka rangi kwa mkono wa kushoto na kuna mama mwenye nyumba analalamika kuta zake zina mawimbi.

Sasa sikiliza dhambi yangu. Kamera ilirudi wiki tatu zilizopita. Nilipotaka kupanga siku ya ile picha ya mwisho nikakaa kwanza kuangalia tulizopiga, mara ya kwanza kuziangalia zote. Mguu mmoja wa stendi ya kamera ulikuwa umelegea, na wakati mimi nimeshika karatasi ya kurudisha mwanga, nikiwatazama watu kwa macho yangu badala ya kioo cha kamera, kamera ilikuwa inainama polepole. Hakuna uso hata mmoja, mshauri. Kuna meza, mikono michache, magoti na miguu. Mdomo wa bibi haumo, nywele za mama hazimo, na plasta ya binamu imefichwa na birika mwanzo hadi mwisho.

Nilimpelekea mwalimu nikiwa tayari kufeli. Akaangalia, akavua miwani, akasema, "Familia isiyo na vichwa. Huu ni ujasiri. Usithubutu kuonyesha uso hata mmoja." Nami nikajibu, "Ndiyo mwalimu, ndivyo nilivyokusudia."

Ningewaambia nyumbani siku ileile. Lakini nilipofika baba alikuwa ameshika rula, akaniuliza, "Mwanangu, hiki kivuli cha dirisha kimesogea tangu mwezi ule, kitatusumbua?" Tukaongea habari za mwanga mpaka uji wa bibi ukapoa. Siku iliyofuata akauliza kingine. Wiki ya tatu hii kila siku naapa kesho nitasema, na kila siku baba anakuja na swali. Nikisema nitampoteza, nisiposema bibi atakwisha. Nifanye nini?

Mimi wa nyuma ya kamera.

MSHAURI ANAJIBU

Binti, wenye barua hungoja gazeti la Jumamosi. Wewe nilikupigia simu siku ileile barua yako ilipofika, kwa sababu mzee hawezi kukaa kibogoyo akisubiri zamu yake ya kuchapwa. Nakumbuka nilikupa agizo moja tu: kata simu, nenda sebuleni, sema. Ukaniuliza kama unaweza kuwasha kamera wakati unawaambia. Nilikufokea, na sijutii.

Kwa faida ya wasomaji wengine nieleze yaliyotokea, kwa ruhusa yako. Ulisimama mbele yao ukasema kamera ilisharudi, na kwamba hakuna uso ulioonekana.

"Hata plasta yangu?" binamu akauliza.

"Hata plasta."

Akaondoka palepale kwenda hospitali, na nesi aliyemfungua alitaka kujua jina la daktari aliyeagiza wiki tisa. Binamu akasema si daktari, ni mjomba. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akakupiga kibao cha mgongo, kisha akampigia simu msusi. Bibi alivaa meno yake, akayagonganisha mara mbili kuyajaribu, akasema, "Mimi kile kidude nilikiona kinainama. Nikadhani kinaniamkia, nikakiitikia." Akaagiza nyama yenye mfupa.

Na baba yako akafunga daftari, akatoka nje. Ni siku ya nne leo hajasema neno, na wewe umenipigia tena ukilia, unaniambia, "Si nilikwambia, mshauri?"

Uliniambia, ndiyo. Sasa nami nikuambie. Hukukosea kutamani maswali ya baba yako. Mtoto aliyenyimwa maji miaka mitatu akipata bomba hafungi. Kosa lako ni kwamba maji uliyanywa wewe, kiu wakaachiwa wengine. Bibi mzima alishindia uji wiki tatu za bure ili wewe uzungumzishwe. Hayo si mapenzi, ni uroho, hata kama umevaa nguo za mapenzi. Na baba yako hakukasirika kwa sababu ya magoti. Mtu aliyetunza ghala miaka ishirini na sita anajua vitu huharibika. Anachokiona yeye ni kwamba ulimwacha apite na rula kila jioni huku wewe unajua. Anadhani ulikuwa unamcheka.

Basi fanya hivi. Kwanza kwa mwalimu wako: mwambie mguu wa stendi ulilegea. Akikuambia ni ujasiri, mwambie tena, taratibu, kwamba ulilegea. Akitaka kukupa alama baada ya hapo, pokea, umezifanyia kazi kwa kusema kweli. Picha ya mwisho ipige hivyohivyo chini chini, watu wamesukwa, wana meno, mikono yao imepona, na uhakikishe mguu wa stendi umekaza, maana safari hii kuinama kuwe ni kwa kutaka kwako.

Baba yako usimvizie nyumbani mbele ya watu, na usimtume mama. Nenda ghalani kwake, bila kamera. Mwambie ulinyamaza kwa sababu ulipenda alivyokuwa akikuuliza. Maneno hayohayo, usiyaremba, usilie kabla hujayamaliza. Mwambie pia kwamba kazi aliyoifanya ina jina, kwamba kwenye filamu kubwa mtu mzima huajiriwa kuifanya, na wengi hawaifanyi vizuri kama yeye, halafu muombe ruhusa ya kuliandika jina lake mwishoni mwa filamu. Akikataa, usilazimishe. Rudi wiki ijayo.

Na ukimkuta anahesabu mabomba, usimkatize. Simama kando, ngoja amalize.